Nyumba Iko Salama

6 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba, kabla hujaniamkia. Nakuona hapo ulipo, miwani kwenye paji la uso, vumbi la mbao hadi kwenye kope, umeshika barua hii kwa vidole vya gundi. Hapa wazima. Nyonga yangu imepona, ni ubishi tu umebaki. Mwambie wifi kitambaa alichonitumia nimekishona pazia la jikoni, na ndilo pazia lililoniangusha mwezi uliopita, lakini asijisikie vibaya. Kosa lilikuwa la stuli, na stuli ile hukuitengeneza wewe.

Utajiuliza mbona nakuandikia kwenye karatasi kama tuko shule ya msingi. Sababu ni simu. Mpwa wako alipopata habari kwamba nimeanguka, aliomba ruhusa melini, akaja mbio roho mkononi, akakaa wiki nzima akifunga mitambo. Meli yenye injini kubwa kuliko nyumba yangu anaimudu, basi akaona na mama yake atamudika vilevile. Sasa simu yangu imeunganishwa na nyumba. Ukinipigia, spika ya sebuleni inatangaza jina lako kama mshereheshaji wa harusi, na jioni yeye anapelekewa muhtasari: mama kaongea na nani, kalala saa ngapi, kafungua friji mara ngapi. Juzi ameniuliza kwa nini nilizungumza na mjomba wake muda mrefu vile. Nilizaa mtoto, kumbe nilizaa mkaguzi. Karatasi bado hawajaifikia.

Hiyo spika nimeibatiza jina, naiita Mpangaji, maana anakaa kwangu, anakula umeme wangu na hafagii. Nikimwambia awashe taa ya jikoni, anajibu, "Samahani, sijaelewa." Nikisema polepole, anaelewa, anazima ya chooni. Miaka yote ile nimeongoza wodi ya akina mama, madaktari wazima walikuwa wakiniona wanaficha sigara, leo naomba taa kwa sauti ya unyenyekevu kama mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa kwanza.

Jambo moja limeniuma na siwezi kulificha. Mlango wako mafundi wa kampuni ya hiyo mitambo wameutoboa. Ule ule uliouchagulia mbao mwenyewe, ukautundika mwenyewe nilipohamia hapa. Wameweka kitasa chenye kamera, eti kinanitambua kwa uso. Nikinuna hakifungui. Nilisimama nikaangalia unga wa ile mbao ukidondoka sakafuni.

Salimia wote. Barua anaipeleka jirani yangu stendi, kwenye ofisi ya vifurushi.

Ni mimi dada yako, mwenye nyumba, nadhani.


21 Februari

Dada, shikamoo.

Barua yako imefika, nimecheka mpaka wifi yako akaja kuangalia kama nimebanwa na msumeno. Sisi hatujambo. Kazi zipo, madawati ya shule tu, mbao zenyewe mbichi, ukizipigilia msumari zinalia. Nilijikata kidole wiki iliyopita, kidogo tu, wala usiniandikie dawa.

Kuhusu mlango, pole. Mbao hupona zikizibwa vizuri. Nitakuja kuuziba siku moja.

Sasa sikia. Kabati lako la vyombo nimelimaliza. Lile ulilonisumbua nalo tangu shemeji yuko hai, Mungu amrehemu. Milango yake ina nakshi ya majani kama ya kwenye kabati la mama. Sitaki kulituma na lori, watalikwaruza. Njoo ulione kwanza, ukae nasi siku kadhaa, halafu tutaona litasafiri vipi. Ningekuja mimi, lakini kazi zimenibana, sibanduki karakana.

Ila usikawie. Njoo kabla ya Mei. Na ukija vaa ile sweta yako nyekundu.

Mpwa wangu usimlaumu sana. Alikuwa mwoga tangu mdogo. Unakumbuka alivyokuwa akilala ameshika kidole chako?

Mdogo wako.


12 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Tumeamka salama, mvua zimeanza, paa halivuji. Jirani anakusalimu sana. Binti yake ni mjamzito, hivyo mazungumzo yetu yote ni ya mimba, na mimi sichoki.

Kwanza nikukosoe. Mistari yako inateremka. Ulianza barua juu kushoto, ukamalizia karibu udondoke nje ya karatasi. Mtu anayepima mbao kwa jicho, akikosea unywele mmoja anatupa, leo ameshindwa kufuata mstari uliochapwa? Na hicho kidole. Baba alikufa na vidole vyake vyote kumi na alikuwa anajisifia. Wewe pia hujawahi kujikata. Nimeuliza tu.

Mambo ya huku ni vituko. Wiki iliyopita Mpangaji alisema anapokea sasisho, nisizime umeme. Sawa. Alipozinduka alikuwa anaongea lugha nisiyoijua, siku nzima, na taa zikawa zinawaka na kuzimika zenyewe kama nyumba ina mashetani. Nikapiga huduma kwa wateja. Sauti ikaniambia bonyeza moja, nikabonyeza. Ikaniambia nieleze tatizo kwa maneno machache, nikaeleza. Ikasema, "Umechagua kununua spika ya pili." Nilikata simu nikaenda kukaa kitandani. Mwishowe nilimpata kijana mmoja, sauti nzuri kabisa, akasema pole mama, akaniuliza kama nimejaribu kuizima na kuiwasha. Nikamwambia mwanangu, nimezalisha wanawake kwa mwanga wa taa ya mafuta, najua kuzima na kuwasha. Akasema atanirudia. Mpaka leo nasubiri.

Kabati nalitaka, wewe unajua ninavyolitaka. Lakini mvua hizi, na magoti nayo yananisumbua. Siku hizi sitoki peke yangu, natoka na jirani. Mambo yakitulia nitakuja.

Sweta nyekundu ya nini kwenye joto lote hilo la kwenu?

Dada yako.


2 Aprili

Dada, shikamoo.

Nitaandika kifupi, sina raha.

Magoti. Mwaka jana ulipanda ngazi ya karakana yangu umebeba ndoo ya maji, ukanisuta kwamba nahema. Magoti yameanza lini? Na mvua unaiogopa tangu lini, wewe uliyekuwa unatembea kwenda zamu ya alfajiri na mwavuli uliovunjika?

Nilimpigia mpwa wangu, meli yao ilikuwa inapakia. Nikamuuliza mama yako vipi. Akasema, "Mjomba, mama yuko salama." Nikamwambia sijauliza usalama, nimeuliza hali. Akasema mtandao unakatika, na kweli ukakatika.

Kama hutaki kuja, sema hutaki. Nitanung'unika kidogo nitazoea. Lakini usinijibu kiuguzi, kama vile mimi ni mgonjwa wa kutulizwa.

Mei haiko mbali.

Mdogo wako.


20 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Salamu za nyumbani leo ni fupi: binti wa jirani amejifungua mtoto wa kiume, mama na mtoto wazima, na jirani ameenda huko kumwuguza hadi mwisho wa Mei. Habari hiyo njema ndiyo iliyonimaliza.

Sina ugonjwa wa magoti. Nimefungiwa ndani.

Ngoja nikueleze taratibu, usije ukarusha nyundo. Mwezi wa pili nilitoka nikaenda kliniki bila kuvaa kibangili chao cha mkononi, kinachowaonyesha nilipo, nikachelewa kurudi kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Mpangaji akamwarifu mpwa wako kwamba mzee hajulikani alipo. Mzee ndiye mimi. Akanipigia analia, mtu mzima yule, ana kidevu kilichoanza mvi, analia kama siku tulipomzika baba yake. Basi akabadilisha mpango huko kwenye kampuni, akanunua unaoitwa uangalizi kamili. Kwa uangalizi kamili, uso wangu unafungua mlango ikiwa tu uso wa jirani upo pembeni, au ikiwa yeye mwenyewe ameruhusu kwa simu yake. Nilikuwa natoka na jirani kwenda sokoni na kurudi, kama mtoto wa chekechea anayevushwa barabara. Niliona haya kukuandikia.

Sasa jirani hayupo. Mpwa wako yuko katikati ya bahari, mtandao hakuna hadi watie nanga, na nanga ni mwezi wa sita. Walipopita bandari moja hapo katikati alinifungulia asubuhi moja tu niende kliniki. Nikamwomba ruhusa nije kwako. Nimesema nikamwomba ruhusa, umesoma vizuri. Akasema, "Mama, safari ya siku nzima na hiyo nyonga? Ngoja nirudi nikupeleke mimi." Kwa upole kabisa. Angenifokea ningejua la kufanya.

Kampuni nimewapigia hadi Mpangaji ameikariri namba yao. Wanasema wanazungumza na mwenye akaunti pekee. Nikawaambia mwenye nyumba ni mimi, hati ya nyumba ninayo. Wakasema wao hawajui habari za nyumba, wanajua akaunti. Nikaomba wanipe mkubwa wao, wakaniwekea muziki. Nimeusikiliza muziki ule mpaka nikaanza kuuimba nikiosha vyombo, nikajichukia.

Utasema piga kelele. Nikipiga kelele, mtaa mzima utasema mtoto wake amemfungia. Si kweli, na ni kweli, na sitaki waliseme. Utasema bonyeza kitufe cha dharura. Nikibonyeza, au kitasa kikilazimishwa, walinzi wao wanakuja, na mpwa wako anaarifiwa hata kama ni kwa redio ya meli. Na yeye aliniambia wazi: tahadhari moja nyingine, anaacha kazi, anakuja kunichukua nikakae kwake ghorofani, na nyumba tunauza. Nikamwahidi sitavunja wala kulazimisha kitu chochote. Niliapa kabisa kwenye simu. Nimewahi kumdanganya kuhusu sindano, kwamba haiumi, lakini ahadi sijawahi kumvunjia.

Kwa hiyo napokea maziwa na mboga dirishani, kati ya nondo. Mume wa jirani, dereva mstaafu, ambaye uso wake haumo kwenye mtambo, ndiye anayenisogezea, anainua kifurushi anachungulia, "Mama mkubwa, umeamkaje?" Barua hii nayo ataichukua hapo hapo. Mchana natembea kutoka jikoni hadi chumbani hadi jikoni, maana nisipotembea Mpangaji ananiuliza kama najisikia vibaya. Kila jioni anasema, "Mlango umefungwa. Nyumba iko salama." Siku nyingine namjibu matusi. Anasema hajaelewa.

Nimechoka, mdogo wangu. Hapa ni kwangu, nilipanda mwenyewe maua yaliyoko nje ya lile dirisha, nayatazama yanakauka na ndoo ya maji iko mkononi.

Haya, langu nimelisema lote. Sema lako. Mistari yako ya mara ya mwisho ilikuwa inapandana, neno juu ya neno. Usinifiche, mimi nimekaa wodini. Kwa nini Mei? Kwa nini sweta nyekundu?

Dada yako.


9 Mei

Dada, shikamoo.

Mwandiko huu ni wa wifi yako. Maneno ni yangu, asiongeze lake.

Sisi hatujambo kwa mengine. Barua yako alinisomea mara ya kwanza, akanisomea tena, nikatoka nje nikapiga randa ubao usiohitaji randa. Nimemkasirikia mpwa wangu, halafu nikajiona mimi mwenyewe sina tofauti naye. Yeye alikufungia mlango kwa sababu ya mapenzi, nami nimekuficha macho.

Ni presha ya macho. Daktari aliniambia mwezi wa kwanza kwamba nimechelewa. Jicho la kushoto limezima. La kulia limebaki na tundu dogo katikati, kama unachungulia chumba kupitia tundu la ufunguo, na tundu lenyewe linajifunga. Alisema pengine hadi Mei, pengine hadi Juni, na likienda halirudi. Kidole nilijikata kwa sababu sikuiona patasi ilipokuwa. Kabati nililimaliza kwa kupapasa. Majani ya nakshi ya mlango wa kulia yamepinda, utayaona, usinicheke.

Rangi nyingi zimeniacha. Nyekundu bado naiona. Nilitaka, kabla taa haijazimwa kabisa, nikuone ukiingia geti langu, nijue ni wewe kabla hujasema kitu. Ndiyo basi. Nilifikiri nikikwambia utakuja umebeba huruma ya hospitali, nami nilitaka uje ukinigombeza.

Kuhusu mlango. Niliutundika mimi, na nilivyoutundika unajua, tulikuwa wote karakana kwa Baba. Unakumbuka ile nyumba ya jirani zetu iliyoungua, na kwa nini baada ya pale Baba akawa anatundika milango yote kwa namna ile. Lakini sikuagizi. Ahadi ni yako, na mwana ni wako. Kama haiwezekani, usijitese. Uniandikie tu, wifi yako atanisomea.

Mdogo wako.

Wifi, haya ni yangu, yeye hajui naandika. Jana alinishika uso akaniuliza nimevaa nini. Nilikuwa nimesimama mbele yake kwenye jua. Njoo, wifi yangu, kwa namna yoyote utakayoweza.


17 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba, na safari hii wifi asikusomee. Barua hii haipiti stendi kwenye vifurushi. Nimeiandika kwenye meza ya jikoni, begi liko miguuni, na nitakusomea mwenyewe. Nikisita mahali fulani ujue ndipo nilipolia.

Tangu siku ya kwanza nilijua. Walipokuwa wanatoboa mbao yako upande wa kitasa, mimi nilikuwa naangalia upande wa bawaba, nikasema moyoni, hawa wamesahau kwamba mlango una pande mbili. Vipini vya bawaba, vile vijiti vya chuma vinavyoushika mlango kwenye fremu, viko ndani, vyote vitatu, umevipaka nta ya mshumaa na hukuvigonga hadi mwisho, kama Baba alivyotaka tangu ule moto, ili aliyeko ndani aweze kutoka hata kama ufunguo uko kwa mwingine. Kila asubuhi nilikuwa navipitia nikienda kupokea maziwa dirishani. Wakati mwingine nilikigusa cha chini kwa kidole cha mguu. Kinacheza.

Kilichonifunga hakikuwa kitasa. Nilikuwa namwona mpwa wako analia. Nilijiambia, nitakaa hivi, mtoto wangu alale usingizi huko baharini, hasara gani, nimeshazeeka. Nilikuwa karibu nikubali kabisa. Nilishaanza kuomba ruhusa hata moyoni, nikitaka kukuza sauti ya redio namtazama Mpangaji kwanza. Halafu ikaja barua yako kwa mwandiko wa wifi. Nilipouona ule mwandiko kwenye bahasha nilikaa chini kabla sijafungua.

Leo asubuhi nimechukua kijiko kikubwa kiwe patasi, na ule mti wa kusongea ugali uwe nyundo. Nilianza na kipini cha chini, kikatoka kama kinanisubiri. Cha kati vivyo hivyo. Cha juu nilipandia stuli, ndiyo, ile ile, naomba usimwambie mtu. Dereva alikuwa nje, amesukuma taratibu, nami nikavuta upande wa bawaba. Mlango ukasogea, ulimi wa kitasa ukateleza ukatoka kwenye tundu lake bila hata kukwaruza. Tumeuegemeza ukutani. Kitasa bado kimetoa ulimi nje, kinaamini kazi yake kimeifanya. Sijavunja kitu. Sijalazimisha kitu. Mpwa wako akinihoji, nitamwangalia machoni.

Nimesimama kizingitini, jua likaniingia hadi sebuleni, na Mpangaji akasema, "Mlango umefungwa. Nyumba iko salama." Dereva alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Nilienda kumwagilia maua.

Dereva atalala hapa hadi nirudi. Mlango ataurudishia kwa ndani, na akitaka kutoka, dawa ameshaiona. Kibangili nimekiacha mezani, na chini yake nimemwandikia mpwa wako: Mwanangu, mama hajapotea, mama ameenda kwa mjomba wako. Sikuandika samahani. Niliiandika, nikaifuta. Akitaka kuuza nyumba, tutazungumza kama watu wazima wawili. Nikishindwa, mlango huu nitauchukua, tutautafutia nyumba nyingine.

Naogopa, nisikudanganye. Naogopa basi litachelewa. Naogopa lile tundu la ufunguo litakuwa limeshajifunga nikiwa njiani, nami nimekaa humu wiki zote hizi nikitembea kutoka jikoni hadi chumbani, na vipini vinacheza.

Mwambie wifi akutoe, akusimamishe getini, jua likiwa nyuma yako. Nikishuka sitakuita. Nitatembea kuja, na nitanyamaza mpaka useme wewe.

Nimevaa sweta. Jasho linanitiririka na hata stendi bado sijafika, lakini nimeivaa.